Mawazo matatu, saa saba kwa wiki: nishike lipi?

Mshauri, pole na kazi.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, mwaka wa tisa sasa, nimeajiriwa hospitali kwa zamu kamili. Miezi minane iliyopita nilifungua ukurasa mtandaoni nikiwa na nia ya kufanya biashara ya pembeni ya ushauri na mazoezi. Wafuasi wamepita elfu nne. Wanapenda, wanasambaza, wananiuliza maswali hadi usiku wa manane. Ila wa kulipa bado hajazaliwa.

Naandika kila ninachokijua: leo mgongo, keshokutwa shingo, wiki ijayo unywaji wa maji. Naambiwa nichague eneo moja nijikite hapo. Nina matatu kichwani, na kila nikishika moja naona nimeyatupa mawili. La kwanza ni maumivu ya mgongo, kwa kuwa wenye nayo ni wengi. La pili ni akina mama wanaovuja mkojo baada ya kujifungua, maana huko nimesoma kozi za ziada. La tatu ni mazoezi baada ya upasuaji wa goti, kazi ninayoipenda kuliko zote.

Muda nilionao ni saa saba kwa wiki, hazizidi. Kuna pia kampuni ya virutubisho imeniahidi kamisheni nikiwatangazia bidhaa zao. Nikijibana hivyo sitawakosa wengi? Na ukurasa niubadilishe jina?

Njia Panda

---

Salamu, Njia Panda.

Hao elfu nne wamekufuata kwa sababu unagawa maarifa bure na yanawafaa. Pesa hutolewa kwa jambo lililomkaba mtu leo. Mama aliyepiga chafya asubuhi mbele za watu akahisi nguo imelowa, akifungua ukurasa wako akakuta habari za shingo na maji ya kunywa, atasema huyu mtaalamu mzuri, kisha atapita. Hakuna mahali alipojiona.

Mawazo yako yote matatu yamepangwa kwa sehemu ya mwili, na hapo ndipo unapokwama. Hospitali hupangwa hivyo: huku mifupa, kule wazazi. Mnunuzi hajipangi hivyo. Eneo la biashara lina vitu vitatu: mtu fulani, yuko katika wakati fulani wa maisha yake, na kuna jambo anataka kurudi kulifanya. Mtazame mwenzako wa lishe. Akisema "kisukari" amesema bahari. Akisema "kisukari cha ujauzito" amepata mtu anayeeleweka. Kwa kawaida kipimo hufanyika kati ya wiki ya 24 na ya 28, kwa hiyo mama huyo ana majuma machache hadi ajifungue, ana hofu ya kweli, na kila siku anasoma namba kwenye kipimo cha sukari. Muda unajulikana, mafanikio yanapimika, na hana nafasi ya kuahirisha. Mawazo yako tuyapitishe kwenye chujio hilo hilo, tukiongeza swali moja ambalo wauzaji wa kozi za biashara hawaliulizi: je, kazi hii inafanyika salama bila mkono wako kumgusa mtu?

Tuanze na mgongo, ambao tutaumaliza haraka. Wenye maumivu ni wengi, kweli, lakini maumivu mengi ya mgongo yanayoanza ghafla hutulia ndani ya wiki sita hivi, utibu usitibu. Ukiuza programu ya wiki nane, mteja wako atapona wiki ya tatu na kuacha kuhudhuria, na wala hatakutaja kwa jirani. Wanaobaki ni wa maumivu sugu. Kesi hizo zina mambo ya usingizi, kazi, hofu na msongo, na zinahitaji muda kuliko saa zako saba. Halafu kuna wachache ambao ukiwakosea umewaumiza: mwenye ganzi sehemu za siri na makalioni, mkojo uliogoma kutoka au haja isiyozuilika, miguu yote miwili inayolegea. Huyo anatakiwa hospitali saa hiyo hiyo, naye anaweza kukuandikia ujumbe wakati uko zamu na simu iko kabatini. Ongeza kwamba video za bure za mgongo zimejaa kila kona ya intaneti. Uache.

Goti ni eneo zuri, tena lina watu walio tayari kulipa. Aliyetengenezewa ligamenti ya mbele ya goti, ile kano inayoshikilia mifupa ya goti, ana safari ndefu. Kurudi kwenye michezo ya kukata kona na kugongana hakushauriwi kabla ya miezi 9, na katikati hapo wengi huachwa wajitafutie. Ugumu wako uko kwingine. Kila daktari wa upasuaji ana masharti yake, na aliyeshonwa meniskasi (gegedu lililo ndani ya goti) pamoja na ligamenti hapewi uzito na mkunjo sawa na wa ligamenti peke yake. Bila karatasi ya upasuaji unakisia. Isitoshe, wateja hao hupatikana kwa mkono wa daktari aliyewapasua, na kama daktari huyo ni mwenzako kazini, utakuwa unavuna shamba la mwajiri. Wazo hili liweke akiba mpaka uwe na madaktari wawili au watatu wa nje ya hospitali yako wanaokutumia watu kwa barua.

Tumebaki na akina mama, na hapa inafaa tukae.

Kwanza, kazi yenyewe inawezekana kupitia skrini. Kwa uvujaji wa kukohoa, kucheka na kuruka, tiba ya kwanza ni mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na kizazi kwa chini. Mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya afya ya Uingereza, unataka mazoezi yanayosimamiwa kwa angalau miezi 3: kuibana misuli hiyo si chini ya mibano 8, mara 3 kwa siku. Kinachomshinda mama ni kuendelea. Wiki ya kwanza ana ari, ya tatu mtoto anaumwa, ya tano amesahau. Karatasi ya mazoezi aliyopewa siku ya kuruhusiwa haimuulizi hali. Wewe unaweza kumuuliza, na kumuuliza hakuhitaji mkono. Aibu nayo inakusaidia: kuna mambo mtu hayasemi kwenye benchi la kliniki lakini huyaandika akiwa chumbani kwake.

Pili, mafanikio yanaonekana kwenye kamera, ilimradi uchague kipande sahihi cha watu. "Akina mama wanaovuja" bado ni pana: kuna aliyejifungua juzi, kuna aliyekoma hedhi, kuna mwenye mimba. Tunakushauri uanze na mama aliyejifungua miezi 3 hadi 12 iliyopita, anayevuja akikohoa au akiruka, na anayetaka kurudi kukimbia au kwenye mazoezi mazito. Mwongozo wa wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza wa mwaka 2019 unaweka miezi 3 kuwa mapema kabisa ya kurudi kukimbia, na unatoa majaribio ambayo wewe unayajua: kutembea dakika 30, kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10, kuchuchumaa kwa mguu mmoja mara 10 kila upande, kukimbia ukiwa mahali pamoja dakika 1, kuruka mbele mara 10, kuruka kwa mguu mmoja mara 10 kila mguu. Yote bila maumivu, bila kuvuja, bila kuhisi kitu kizito kinashuka. Hiyo tayari ni programu: unampima siku ya kwanza, unampima ya mwisho, na yeye mwenyewe anaona tofauti.

Tatu, na hapa usifanye mzaha, kuna wanawake usiopaswa kuwaandikisha. Fomu yako ya kujiunga iwachuje kabla hawajalipa. Anayevuja mfululizo mchana na usiku baada ya uzazi mgumu huenda ana fistula. Huyo ni wa daktari wa upasuaji, mazoezi hayataziba tundu. Mkojo wenye damu, unaochoma, au unaokuja na homa: kliniki. Uvimbe unaochungulia ukeni: akapimwe kizazi kilichoshuka. Anayeshindwa kuzuia haja kubwa au upepo tangu kujifungua huenda alichanika msuli wa njia hiyo. Naye mwenye maumivu makali wakati wa tendo la ndoa au anayepata shida kuanza kukojoa, misuli yake inaweza kuwa imekaza kupita kiasi, na ukimpa mibano zaidi utamwongezea tatizo.

Hata katika waliobaki, wapo watakaosukuma chini badala ya kuvuta juu, nao watakuapia kwamba wanafanya sawa. Maelezo ya mdomo pekee hayatoshi kwa kila mtu. Weka sheria ya wiki ya tatu: asiyehisi mvuto wa kwenda juu hadi hapo anaelekezwa kwa mtaalamu wa ana kwa ana akachunguzwe, na unamrudishia sehemu ya malipo iliyobaki. Kuwa na majina mawili ya kuwaelekeza kabla ya kufungua mlango. Wala usimfundishe mtu kukata mkojo katikati kama zoezi la kila siku, na usipokee picha wala video ya sehemu za siri, hata akiituma kwa hiari.

Hayo ni ya kitabibu. Sasa uhakikishe wapo watakaolipa, na uhakikishe kabla ya kurekodi hata video moja. Wataalamu wa afya hupotea sana hapa: wanatengeneza kozi ya masomo arobaini, wanachagua rangi za nembo, ndipo wanaanza kutafuta mtu.

Tafuta akina mama kumi wa kipande hicho, wasiwe wagonjwa wa hospitali yako, uongee na kila mmoja dakika 20. Usimuulize "ungelipia huduma kama hii?" Kwa adabu tu atasema ndiyo. Muulize yaliyopita: Mara ya mwisho jambo hili lilikukera lini? Ulikuwa unafanya nini? Umeshajaribu nini? Ulitumia pesa au muda kiasi gani? Uliacha kwa nini? Wakitokea wanne au zaidi waliokwisha kutumia pesa au juhudi ya maana, iwe pedi za kila siku, mwalimu wa mazoezi au kliniki, endelea. Wakiwa mmoja au hakuna, usilazimishe. Badili kipande, labda wajawazito, labda waliokoma hedhi. Wawili au watatu? Ongea na watano zaidi. Vizingiti hivi ni vya busara ya kazi, havitoki kwenye utafiti, lakini vitakuzuia kujidanganya.

Katika mazungumzo hayo andika maneno yao kama yalivyotoka. Hakuna anayetafuta mtandaoni "udhaifu wa misuli ya sakafu ya nyonga". Anaandika "mkojo unatoka nikicheka". Sentensi kama hizo thelathini zinakutosha kwa machapisho ya miezi mitatu. Tahadhari moja: zinafaa kwenye machapisho ya kawaida na makala, lakini kwenye matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram sera hazikuruhusu kumwambia msomaji, hata kwa kudokeza, kwamba ana ugonjwa fulani. "Je, unavuja mkojo?" litakataliwa. "Mazoezi ya sakafu ya nyonga kwa waliojifungua" lina nafasi ya kupita.

Kisha uza kwa watu sita. Programu iwe ya wiki 12, kwa sababu msuli unahitaji muda huo. Wanaouza "siku 21 na umepona" wanauza kalenda. Hesabu ya saa zako ni hii. Kila wiki kikao kimoja cha kundi, dakika 60. Majibu ya ujumbe, dakika 10 kwa kila mtu, jumla 60. Kuandaa maelezo na video fupi, dakika 90. Kumbukumbu, malipo na ratiba, dakika 60. Jumla saa nne na nusu, zinabaki mbili na nusu za kutafuta kundi linalofuata. Tathmini za mwanzo za dakika 45 kwa watu sita zinakula saa nne na nusu nyingine, kwa hiyo zigawe katika wiki mbili kabla kundi halijaanza. Dakika 10 za ujumbe zitavuja usipozifunga: tangaza nyakati mbili za wiki utakazojibu, na kwenye kila ujumbe wa kukaribisha andika kwamba njia hii si ya dharura.

Bei itoke kwenye hesabu hiyo. Wiki 12 kwa saa nne na nusu ni saa 54, ongeza tathmini, unafika 58 na nusu. Zidisha kwa thamani ya saa yako kazini, ongeza bima, programu za kompyuta na makato ya malipo, gawanya kwa sita. Namba ikikutisha, punguza saa kabla hujapunguza bei. Maelezo unayoyarudia kila wiki yatarekodiwa kundi la pili. Kundi la kwanza walipe nusu, kwa makubaliano kwamba watakupa maoni kila wiki mbili. Bure usimpe mtu. Wa bure huacha kimya kimya, na kuacha kwake hakukufundishi kama angelipa.

Sasa makaratasi, ambayo kwa kweli ndiyo ya kwanza, ila tungeanza nayo ungechoka. Soma mkataba wako wa ajira kipengele cha kazi za nje na uombe kibali kwa maandishi. Usitumie orodha ya wagonjwa, simu ya ofisi wala foleni ya hospitali kutafuta wateja. Iulize bodi iliyokupa leseni kuhusu huduma za mbali, na kuhusu shuhuda za wagonjwa kwenye matangazo, maana ziko bodi zinazozikataza. Iulize na bima yako ya kitaaluma kama inafunika kazi ya mtandaoni. Na kwenye fomu uliza kila mtu yuko nchi gani: katika mamlaka nyingi tiba huhesabiwa kuwa imefanyika pale alipo mgonjwa, hivyo leseni yako inaweza isivuke mpaka. Akiwa ndani ya Umoja wa Ulaya, sheria ya GDPR ya ulinzi wa taarifa binafsi, inayotumika tangu 2018, inaziweka taarifa zake za afya katika kundi maalumu lenye ulinzi mkali. Popote alipo, kumbukumbu zake zisikae kwenye simu pamoja na picha za harusi.

Wengi hukwepa haya kwa kuandika chini ya ukurasa kwamba "haya ni mafunzo tu, si tiba". Tamko hilo lina kazi yake kwenye video inayosema na kila mtu. Lakini siku uliyochukua historia ya mtu mmoja ukamwambia afanye hiki na aache kile, ana haki ya kukuona mtaalamu wake, hata ukimwita "mshiriki". Kwa programu tuliyokueleza, jihesabu unatibu, uandike kumbukumbu kama unavyoandika hospitali.

Virutubisho: hapana. Ukishapata kamisheni, kila ushauri wako utakuwa na kivuli, na bodi yako inaweza kuuita mgongano wa maslahi. Tena virutubisho havina uhusiano na uvujaji wa mama huyu.

Kuhusu kuwakosa wengi: hao wengi hujawapata bado. Kubana kunahusu mlango tu. Aliyemaliza wiki 12 akakimbia bila wasiwasi ataleta dada yake mjamzito na mama yake aliyekoma hedhi, nawe utapanuka kwa upande huo, kwa ujuzi ule ule na fomu ile ile iliyoongezwa maswali. Kupanuka kwenda kwenye mgongo wa madereva ni kuanza biashara nyingine.

Wasipopatikana watu watatu wa kulipa baada ya kuwaalika thelathini wanaofaa, badili kitu kimoja, ualike thelathini wengine. Anza na maneno ya mwaliko, kisha kipande cha watu, bei iwe ya mwisho. Ukibadili vyote kwa pamoja hutajua kilichofanya kazi.

Jina la ukurasa liache kama lilivyo mpaka kundi la kwanza limalize. Badili sentensi ya utambulisho iliyo juu, ndiyo inayosomwa, na kwa wiki sita andika kwa ajili ya mama huyo mmoja. Kati ya wale elfu nne baadhi wataondoka. Waliobaki, waulize kwa chapisho moja ni nani kati yao amejifungua ndani ya mwaka huu, na mazungumzo yako kumi huenda yakaanzia hapo hapo.